Mikono Juu ya Kichwa Chako

Na hapana, Mkawasi, sikukasirika. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu, na mama asiye na jibu huosha vyombo. Ndiyo maana nilikugeuzia mgongo nikaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Ulisema, kwa Kiingereza chako cha haraka ambacho mimi hukifuata nikiwa hatua moja nyuma, kwamba kama Mungu anakujua jinsi ninavyosema anakujua, basi alijua yote tangu mwanzo akakaa kimya, na wewe huoni faida ya kujuliwa na mtu wa namna hiyo. Kisha ukaenda chumbani kufunga sanduku.

Nimeshuka na nguo zako kwenye chumba cha kufulia, huku chini ya jengo. Wewe umekwenda kurudisha sare kazini na kuwaaga wenzako. Eli yuko juu anapika chapati zako za safari, na anaimba. Mashine inazunguka, nami nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, karatasi zikiwa mapajani. Kesho asubuhi utapanda basi kwenda Sudbury kwenye kazi yako mpya ya kliniki ya meno. Kituoni sitaweza kusema haya. Kituoni nitakuwa nalia tu na kukurekebisha kola.

Sitakuandikia habari ya koti la baridi, wala kula vizuri, wala kufunga mlango. Hayo unayajua kuliko mimi. Tulipofika hapa ughaibuni kutoka kwetu Wundanyi ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na ni wewe uliyejifunza kwanza ramani ya treni ya chini ya ardhi, ukawa unanivuta kwa kidole pale ngazi zinapotembea zenyewe. Nimechagua Kiswahili kwa sababu nikiandika Kiingereza huwa mtu mwenye adabu nyingi mno, na leo adabu haitatusaidia. Utaisoma polepole. Isome hivyo hivyo.

Nianze na furaha yangu, ingawa najua inakukera. Ndoa ina wiki chache, na mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita ambaye akisikia lifti inafunguka kwenye ghorofa yetu moyo unamruka. Kazini, kule North York, wale wazee ninaowatunza wananicheka. Bibi mmoja ambaye husahau hata jina la mwanawe hajasahau kunitania: kila nikimvalisha soksi ananiuliza, "Bwana harusi amelala salama?" Nami nacheka kama msichana wa shule. Eli ananimenyea chungwa ndani ya basi, kipande kwa kipande, watu wakituangalia. Ameshajua kwamba nikishika kikombe kwa mikono miwili nina wasiwasi, na nikikishika kwa mmoja niko sawa. Anajua kikohozi changu cha baridi na anajua kikohozi kingine, kile ninachokohoa ili nisilie. Hakuna aliyewahi kukijua hicho. Baba yako, Mungu amrehemu, alinipenda kwa kunitunza, jinsi mtu anavyotunza nyumba yake asivuje. Eli ananisoma. Sikujua kwamba mtu anaweza kusomwa hivyo asiogope. Nikimtazama nasikia nataka kumshukuru kila mtu niliyewahi kukutana naye maishani kwa kunileta hadi pale alipokuwa amesimama.

Na hapo hapo ndipo moyo wangu unapovunjika. Mwaka mzima nilikuwa nasomwa, neno kwa neno, na chumba cha pili mwanangu alikuwa anang'oa nywele zake mwenyewe, unywele mmoja baada ya mwingine, nami sikujua. Ukuta wetu ni mwembamba hata nasikia jirani akipiga chafya. Wewe sikukusikia.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa unakaa kwenye mto sakafuni, katikati ya magoti yangu, nami nakusuka matuta hadi shingo inakuuma. Ulinung'unika lakini ulisema. Kila kitu nilichowahi kukijua kukuhusu nilikijua nikiwa natazama utosi wako. Msichana aliyekuita majina shuleni, mwalimu wa hesabu, yule kijana wa Parkdale aliyekuandikia shairi bovu. Uliweza kusema kwa kuwa hukuwa unauona uso wangu, na mimi niliweza kusikiliza kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi. Kisha baba yako akaugua, akafa, nawe una miaka kumi na sita. Jumamosi zikaenda mbio. Nilichukua zamu za ziada. Halafu akatokea Eli, naye mapumziko yake yalikuwa Jumamosi. Siku uliporudi na wigi, ile nyeusi fupi, nilisema, "Umependeza, umekua." Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimeruhusiwa kwenda kutembea ufukweni mwa ziwa na mwanamume.

Sikujua ndani ya wigi mlikuwa na nini, na sikutaka kujua. Kutotaka kujua kunafanana sana na kumwamini mtoto. Jihadhari nako ukija kupenda.

Sasa nije kwenye siku ya harusi, kwa sababu hatujawahi kuizungumza, na ndiyo unayoondoka nayo.

Akina mama wa ushirika wetu wa kanisani walikuja asubuhi kunivalisha. Jiko letu lilijaa. Mama Neema, kiongozi wetu, alikuwa amekuja na mfuko wa nywele za kusukia na sufuria zake mbili za pilau, naye akishakaa nyumbani kwa mtu nyumba inakuwa yake. Wewe ulikuwa unapitisha chai.

"We Mkawasi, leta hicho kichwa hapa," akasema. "Hutamsindikiza mama yako kanisani na wigi ya kununua kituo cha basi."

"Niko sawa, Auntie."

"Uko sawa na nini? Wasichana wa siku hizi mnavaa kichwa kama kofia."

"Auntie, tafadhali. Imebanwa."

"Imebanwa na nani? Mimi nimekusuka huna hata matiti. Leo unanionea haya?"

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mkawasi. Nilikuwa na gauni la ndani, vidole vimetanuliwa rangi ya kucha ikauke, na nilicheka. Wewe ulinitazama. Nimeuelewa ule mtazamo baadaye: ulikuwa unaniomba nimzuie. Mama Neema akaivuta.

Pale utosini palikuwa peupe, pana kama kiganja changu. Pembeni nywele zilikuwa fupi na chache, mahali zimeota, mahali zimeng'olewa upya. Kwanza nilidhani ni ugonjwa. Birika lilikuwa linavuma. Kisha Mama Neema akasema kwa sauti ndogo, "Yesu wangu." Na tukafanya kile tunachokifanya. Sisi tukikutana na jambo tusilolielewa hatuliulizi, tunaliombea. Mtu akashika chupa ya mafuta ya zeituni iliyokuwa karibu na jiko. Wakakuzunguka. Wakaweka mikono juu ya kichwa chako, pale pale, kwenye ngozi ambayo ulikuwa umeificha mwaka mzima, wakaanza kukemea. Wakakemea roho ya mauti iliyokufuata kutoka kaburi la baba yako. Wakakemea roho ya wivu inayoinukia ndoa ya mama. Sauti juu, viatu vinapiga sakafu. Na mkono wangu ulikuwemo. Nilichovya kidole kwenye mafuta kwa uangalifu, rangi ya kucha isiharibike, nikakiweka pamoja na vyao. Nikasema amina.

Nilifumbua macho katikati ya maombi. Yako yalikuwa wazi. Ulikuwa unalitazama birika.

Walipomaliza ulijifuta mafuta kwa taulo la vyombo, ukairudisha wigi, ukasema, "Tutachelewa." Kisha ukaja nyuma yangu ukanifunga zipu. Vidole vyako vilikuwa baridi mgongoni mwangu. Sikukuuliza. Nilikwenda kanisani nikaolewa na nilikuwa na furaha. Siwezi kukudanganya kwamba sikuwa nayo. Kwenye kila video nacheka. Nimezitazama tena wiki hii nikikutafuta. Uko kwenye moja tu, umebeba sahani.

Ilichukua mpaka siku uliyotangaza kwamba umepata kazi Sudbury ndipo nikapata ujasiri wa kuuliza, "Ulianza lini kuzing'oa?"

Ukanijibu, "Unauliza kwa ajili yako au kwa ajili ya ushirika?"

Nilistahili. Wakati huo ombi lilikuwa limeshapelekwa kwenye kundi la maombi kwenye simu, na watu nisiowajua walikuwa wanaandika amina chini ya kichwa chako. Lakini hukuniacha hapo. Ulisema, "Hospitalini. Siku zile za mwisho za Baba. Nilitaka kitu cha kushika." Nikasema mbona hukuniambia, nilikuwa kwenye kiti cha pembeni. Ukasema, "Ulikuwa unaomba. Sikutaka kukukatiza."

Sentensi hiyo natembea nayo. Napanda nayo basi. Nikimwogesha mzee wa watu naisikia ndani ya maji.

Nilikulea na Mungu, Mkawasi, na ninajiuliza ni Mungu yupi. Ulipokuwa mdogo, kule nyumbani, ulilamba maziwa ya mkebe niliyoyaficha kwa ajili ya wageni, nami sikukuchapa, nilikwambia tu, "Mungu anakuona." Ulikwenda kukaa chini ya meza hadi jioni. Niliona fahari. Nilidhani nimekupa Mungu, kumbe nimekupa askari wa getini mwenye tochi. Halafu ulipokuwa katikati ya magoti yangu nilikupa yule mwingine, mpole, anayejua hesabu ya nywele zako. Nilikuwa nalisema neno hilo karibu kila Jumamosi huku nachana, jinsi mtu anavyopiga mluzi. Hakuna unywele wako asioujua. Sasa nikilifikia neno hilo naliruka. Kama alijua kila mmoja ulipokuwa unatoka, alikuwa anahesabu nini? Asubuhi hii nilipotoa foronya yako ili niifue nilizikuta zimelala kwenye mshono, fupi, chache. Sikuzihesabu. Nilisimama nazo mkononi mbele ya lifti mpaka ikaja na kuondoka.

Nilimpelekea Eli swali lako. Nilitumaini ana jibu, kwa sababu siku hizi naamini ana kila kitu. Alikuwa anakatakata vitunguu. Aliacha.

"Sijui, mke wangu," alisema.

"Wewe ni mtoto wa mchungaji."

"Ndiyo maana najua kwamba sijui."

Nikamwambia asinifanyie mzaha. Akasema hafanyi. Akafuta mikono, akakaa, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba kile kikohozi changu cha kuzuia machozi alikijua tangu tukiwa tunasalimiana tu mlangoni mwa kanisa, mwaka mzima kabla hajathubutu kunialika chai. "Nilikuwa nakisikia kutoka kiti cha nyuma," alisema. "Nilikuwa nasubiri uwe tayari mtu akijue."

Mwanangu, nililichukua neno hilo kama mtu aliyeokota dhahabu. Nikataka kulikimbiza kwako na kusema, umeona, yuko anayejua na ananyamaza kwa upendo. Nililala nalo nikaamka nalo. Lakini halikukaa. Mtu mzima kumsubiri mtu mzima mwenzake ni jambo moja. Msichana wa miaka kumi na sita kwenye korido ya hospitali, mkono mmoja umo kwenye nywele na mama yake amefumba macho, hilo ni jambo jingine, na sitaki kulifunika kwa maneno matamu ya mume wangu. Sina jibu. Nimeomba nipewe, na ninapoomba nasikia kama nazungumza ndani ya simu ambayo upande wa pili imewekwa mezani. Sijakata. Lakini sitakuficha kwamba ndivyo inavyosikika.

Nitakwambia kitu kimoja tu, na ukikikataa sitakufuata nacho. Nikiirudia asubuhi ile jikoni, kila mara najiuliza alikuwa wapi. Sisi tuliokuwa tunapaza sauti tulimwita upande wetu, upande wa mikono. Sasa sidhani alikuwa upande wetu. Kama alikuwepo, na nasema kama, alikuwa chini ya mikono ile, amepakwa mafuta asiyoyaomba, amenyamaza pamoja nawe, analitazama birika. Yeye ndiye pekee ambaye hakuhitaji kuivuta wigi ili ajue. Siwezi kukuapia. Ni kipande hicho tu kilichonibakia wiki hii, nacho nimekikata nusu nikuwekee, jinsi ambavyo ningekukatia chapati ya mwisho.

Zamani nilikuwa naomba watu wote wajue jinsi nilivyo mama mwema. Sasa naomba kwamba kama yuko anayekujua, aendelee kukujua mahali ambapo mimi nimeshindwa. Ni maombi ya mtu aliyefilisika. Sioni aibu tena.

Nimetoka kwenye lile kundi la simu. Mama Neema alinipigia papo hapo.

"Umetutoka, Mama Mkawasi? Tumekukosea?"

"Mmenikosea kidogo," nikamwambia. "Mimi ndiye nimekosea sana."

Nilimsikia anapumua. Kisha akauliza kama sufuria zake za pilau ziko salama. Nikasema ziko. Akasema, "Mwambie mtoto... basi, usimwambie kitu." Nadhani hilo ndilo ombi bora aliloliomba mwaka huu. Usimchukie. Alikupenda kwa mikono, kama mimi. Hatujui njia nyingine, tumelelewa hivyo, mtu akiumia anashikwa. Hakuna aliyetufundisha kuuliza kwanza.

Na Eli usimchukie pia. Wewe unadhani ndiye aliyekuchukulia mama. Mama ulikuwa umeshampoteza kabla yake, kwenye kiti cha pembeni mwa kitanda, macho yamefumba. Yeye alimkuta huko tu. Jana alinong'ona, "Nikimpikia chapati nyingi ataona namfukuza?" Nikamwambia apike. Kwa hiyo ukiona ni nyingi mno, ni yule mwanamume anayetafuta namna ya kukuomba radhi kwa kosa asilolijua.

Huko uendako, usipokwenda kanisani sitampigia mchungaji yeyote simu. Ukienda, usiende kwa ajili yangu. Ukimpata mtu, rafiki au yeyote, ambaye mbele yake mkono wako unashuka wenyewe kutoka kichwani bila yeye kusema neno, kaa karibu naye. Na usiku, mkono ule ukipanda nawe uko peke yako, sitakwambia uuzuie. Nilisoma hadi kidato cha nne tu na mambo hayo yana watu wake waliosomea. Uliniambia umeshapata mmoja huko, nami nimefurahi, na nimejizuia kuuliza jina lake. Ilikuwa kazi kubwa kujizuia.

Mashine imesimama. Natakiwa kuzitoa nguo kabla mtu hajazitoa na kuzirundika juu ya meza. Sijui kama nimekwambia lolote. Nilidhani nikiandika nitafika mahali, nitakukabidhi neno la kushika badala ya nywele. Sijafika. Ninachojua ni kwamba ninampenda mume wangu kwa namna inayonitisha, na kwamba furaha hiyo yote nikiiweka upande mmoja, na ule mtazamo wako wa jikoni nikauweka upande wa pili, mtazamo unazidi uzito.

Basi nitakuja. Eli atabaki hapa. Sitakuja na mafuta, wala kitana, wala salamu za ushirika. Sitakuuliza uvue wala uvae. Ukitaka nikae nyuma yako kama zamani, nitakaa, na mikono yangu itakaa mapajani mwangu hadi useme. Usipotaka kuzungumza, tutakula na kutazama dirishani. Na siku hiyo usipotaka hata kunifungulia, nitaelewa, nitakaa kwenye ngazi za jengo lenu mpaka saa ya basi la kurudi, ujue tu kwamba niko chini. Kabla mwezi huu haujaisha, Jumamosi, nitakuja.